Kizingiti cha Nyumba ya Pascaline

Pascaline hushona nguo za shule hapa Kabambare. Miguu yake haina nguvu tangu ugonjwa wa utotoni, na ndani ya nyumba anakwenda kwa kigari cha magurudumu. Zamani akifika mlangoni alikwama na kumwita kaka yake, Nathanaël, aje ambebe.

Nyumba hiyo ilijengwa na marehemu baba yao kwa matofali mabichi. Kwa kuwa iko chini ya mteremko, mzee aliinua kizingiti karibu kufika magotini ili maji ya mvua yasiingie. Mtaa wetu wote umejengwa hivyo. Mwenye miguu anavuka tu, wala hafikirii.

Mwaka jana risasi zililia upande wa barabara ya Salamabila, mtaa mzima ukakimbia. Nathanaël alikuwa shambani. Huku kwetu anayekimbia akiona mlango wa jirani uko wazi, huuvuta na kuufunga kwa kamba kutoka nje, wezi wasiingie kirahisi. Jirani yake Jeannette alipita mbio, akadhani Pascaline ameshabebwa, akaufunga. Pascaline alikuwa ndani, nyuma ya cherehani. Aliita, lakini sauti yake ilimezwa na kelele za watu. Kisha watu wakaisha, na hapo akaogopa kuita tena, maana hakujua sasa nani angemsikia. Alikaa na kitambaa mdomoni mpaka jioni, kaka yake aliporudi.

Tangu siku ile, pikipiki ikitoa mlio kama wa risasi njiani, huacha cherehani na kuutazama mlango. Akaanza kudai kitu kimoja tu: aweze kutoka mwenyewe.

Nathanaël hakutaka. "Tukitoa kizingiti, maji itaingia, tofali italowa, nyumba ituangukie tumelala."

"Yaya," Pascaline alimwambia kaka yake mkubwa, "hata mimi naogopa maji. Lakini maji haishike bunduki."

Basi Nathanaël akakubali, wakamwita fundi Atumani, mzee wa maneno mengi. Alipima kigari, akapima mlango, akacheka. "Mama Pascaline, unataka mulango ya kupitisha ng'ombe?"

"Ng'ombe inapita yenyewe, haiombe mutu. Fanya vile vile."

Atumani alikata kizingiti kikawa sawa na sakafu. Nje akashindilia udongo na kokoto, ukashuka taratibu hadi uani, na pembeni akachimba mfereji wa kupeleka maji kando. Kilichobaki kilikuwa upana wa mlango. Akatoa matofali ya upande mmoja, na kwa kuwa mti wa zamani uliobeba ukuta juu ya mlango sasa ulikuwa mfupi, akausimamishia nguzo katikati. Nathanaël akaenda kwa wapasua mbao kutafuta mti mrefu zaidi. Pascaline alibaki ndani akishona, akiitazama ile nguzo iliyosimama pale pale ambapo kigari kilipaswa kupita.

Risasi zikalia. Mara moja, kimya, halafu nyingi.

Wanawake walipita na masufuria kichwani. Mtu alipiga kelele, "Wako nyuma ya soko!" Atumani aliangusha nyundo, akaingia kwa kujipenyeza kando ya nguzo, akampa mgongo. "Panda, mama. Nikubebe."

Pascaline alimtazama. Mzee alikuwa anahema kabla hata ya kubeba kitu.

"Ukinibeba, utaniweka chini pale utachoka. Na mimi nitabaki pale pale. Toa ile muti."

"Ukuta itaanguka!"

"Toa, baba. Nakuomba."

"Itakuangukia wewe!"

"Toa!"

Atumani alitoka nje, akaokota nyundo. Alipiga nguzo mara ya kwanza, haikutikisika. Mara ya pili ikalala. Juu ya mlango ukuta ulilia kama mtu anayesaga meno, vumbi likamwagika. Pascaline alifumba macho, akasukuma magurudumu kwa nguvu zake zote. Donge la udongo lilimpiga begani. Gurudumu moja lilizama katika udongo mbichi wa nje, kigari kikaegemea upande, naye akabaki hapo, nusu mlangoni, akisikia ukuta ukipasuka juu ya kichwa chake. Alivuta, akavuta tena. Kigari kikateremka. Nyuma yake matofali yalianguka kwa kishindo, lakini hakugeuka kutazama.

Walifuata njia ya mashamba pamoja na wengine, Atumani akikimbia kando yake. Penye mihogo wakamkuta Nathanaël akirudi mbio, anapita kinyume cha watu. Alimwona dada yake, akasimama. Akainama kumnyanyua, kama siku zote.

"Acha," Pascaline alisema. "Kimbia tu, yaya. Niko nyuma yako."

Risasi zililia tena, karibu zaidi. Nathanaël alikimbia, lakini kila hatua chache aligeuza shingo, na kila alipogeuka alimwona anakuja.