Nilivyoua ukumbi wangu wa sinema Karatu nikasingizia deki

Wakuu, salaam. Vuteni viti. Hii ilinikuta mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Miaka ya themanini nilikuwa naendesha projekta kwenye ukumbi mmoja pale Karatu. Siku za mnada, mchana, wafugaji wakishauza mbuzi walikuwa wanajaa hadi wengine wanakaa chini.

Halafu wakaanza kupungua.

Salum, mwenye duka la vitenge, alikuwa ameleta deki ya video na TV, anawasha kwa jenereta sebuleni kwake. Bosi wangu akaniambia, "Nakupa minada miwili. Mabenchi yakiwa wazi, projekta naiuza." Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba.

Nikailaumu deki, nikajiaminisha kuwa dawa ni picha safi kuliko ya Salum. Nikaziba madirisha kwa mablanketi, giza likawa totoro. Picha ikatoka safi kabisa!

Mnada wa kwanza wakaja watu sita. Wawili walikuwa wanakimbia mvua.

Nikaacha filamu inazunguka, nikaenda kuchungulia kwa Salum. Kioo kidogo, picha ina chenga, sauti inamezwa na jenereta. Na wateja wangu wote wamo. Niliumia, sifichi.

Mlangoni nikamkuta baba mmoja wa makamo kutoka Arash, kijiji cha wafugaji, mteja wangu wa siku nyingi.

"Mzee, nimewakosea nini?"

"Wewe si ulicheka?"

Nikakumbuka. Kuna siku filamu ilikatika, nikawasha taa. Huyu baba akaruka kutoka kwenye benchi, akatoka mbio, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikiwemo.

"Nilikuwa nimekaa goti kwa goti na mama mkwe wangu," akasema. "Kwako giza, mtu hajui amekaa na nani. Hapa madirisha yako wazi. Nikimwona, nampisha."

Nilitamani ardhi inimeze. Mke wangu mwenyewe ni wa Arash, mila naijua: mama mkwe hupishwa, hamkai pamoja. Na mimi ndiye niliyeongeza mablanketi!

Mnada wa mwisho nikayatoa yote, na madirisha nikayafungua. Mwanga ukaingia, picha ikafifia ukutani hadi huoni kitu. Watu wakapiga miluzi, wakahamia kwa Salum.

Nikawafuata. Kufika mlangoni, namwona mama mkwe wangu, kaja mnadani, kakaa mbele anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka.

Nikarudi nyuma taratibu, nikakaa barazani. Filamu niliisikiliza kwa masikio tu.

Projekta iliuzwa. Nilichojifunza: mteja akihama, kamuulize kwanza, ndipo uguse madirisha.

Sasa nyie mlioacha kumbi mkabaki kuangalia nyumbani, ni nini hasa kiliwatoa? Fungukeni wakuu, safari hii sicheki.