Ndoo ya Sambaza na Waya wa Tatu

Niliamua kuwa fundi wa mtandao kabla sijamiliki hata bisibisi. Masomo nilikuwa nayo. Vifaa ndivyo vilivyobaki madukani, wala havikuwa na haraka ya kunifuata. Basi nikaviokoteza kimoja kimoja. Koleo la kubana vichwa vya waya nililipata sokoni Kadutu, mtumba, taya zimelegea, nikalifunga kwa mpira wa chupi. Kisu cha kuchunia waya nilikiiba jikoni kwa mama. Rangi yangu ya kucha iliweka alama kwenye waya, nyekundu huku na nyekundu kule. Kipya kilikuwa kimoja tu: kipima waya cha Kichina, vipande viwili. Ukichomeka kimoja kila ncha, taa nane zinawaka kwa zamu.

Mfuko sikuwa nao. Mama, ambaye anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akanipa ndoo yake yenye kifuniko. Niliisugua kwa ndimu, kwa majivu, mwisho kwa hasira. Harufu haikutoka.

Shule moja ya masista ilikuwa inatafuta fundi wa kudumu wa chumba cha kompyuta. Mtandao wao ulikuwa umekatika, na bwana mmoja mwenye sanduku la vifaa vinavyong'aa alikuwa ameahidi kuja saa nne. Mimi nilifika saa tatu. Kazi ile niliitaka mno. Mlinzi alinusa tu, akanielekeza jikoni.

"Maman, bale ba sambaza banapitiaka ku cuisine."

Wapishi walinipokea vizuri, wakanuna walipokuta ndoo ina waya. Paka wao hakukata tamaa. Alinifuata mpaka ofisini kwa mkuu wa shule, sista mmoja aliyefundisha maisha yake yote. Alitazama ndoo, akatazama paka, akanitazama mimi. Nikajieleza mbio mbio.

"Jaribu," akasema, "tungoje technicien."

Neno hilo, fundi, lilinichoma, kana kwamba mimi siye. Nikachomeka kipande kimoja cha kipima kwenye waya wa pale ofisini, nikamwachia, nikashuka na kingine hadi ncha ya pili, kwenye chumba cha kompyuta, chini ya mteremko.

"Masera," nikamwita sista kwa sauti, "unisomee taa!"

Alizisoma kama anayeita majina darasani, kwa sauti iliyofika barabarani.

"Moja, iko! Mbili, iko! Tatu... Tatu! Tatu haiko! Ine, iko!"

"Rudilia, Masera!"

"Tatu haiko tena! Nimuandike ku registre?"

Nilikata kichwa cha waya upande wangu, nikachuna, nikabana kingine huku nikivuta mpira kwa meno. Safari hii aliwaita wote wanane wakaitika, na wa tatu akampongeza. Mtandao ukarudi.

Nilipopanda tena ofisini, simu yake iliita. Ni yule bwana: yuko njiani.

"Aksanti, papa, urudie tu kwako," Masera akamjibu, macho yake kwangu. "Technicien tuko naye."

Nikamwambia kesho nitafika saa moja kamili, ingawa hakuna aliyekuwa ameniuliza.