Gata ya Shaba Iliyokwenda Kisarawe

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya Zambia. Miaka yote aliyoendesha, kazi yake ilikuwa kupakia mabamba ya shaba, kuzifunika turubai, kuvuka nazo Tunduma na kuzishusha bandarini Dar es Salaam. Kila alipopita Kibaha alinipigia honi barabarani, hata kama nimelala na watoto wamelala na mtaa mzima umelala. Shaba yote ile ilipita mikononi mwake na hakuwahi kubaki hata na kipande cha kutengenezea kijiko. Sasa alipostaafu, tukamaliza kuezeka nyumba yetu ya Mkuza hapohapo Kibaha, akasimama uani mikono kiunoni, akaliangalia paa kwa muda mrefu, akasema, "Mke wangu, nyumba hii inataka gata za shaba."

Nilidhani jua limempiga.

Mimi gata nilizokuwa nazijua ni zile za plastiki, mifereji ya kukinga maji ya mvua pembeni mwa paa, zinazoning'inizwa nje ya maduka ya vifaa pale Maili Moja. Duka langu la mapazia liko jirani nazo. Nilishazichagua hadi rangi. Nilitaka zifungwe upesi kabla masika hayajaanza, na sababu yangu ilikuwa moja tu, mama yangu mzazi.

Mama anaishi kijijini huko nyuma ya Kisarawe, peke yake, na goti lake moja ni bovu. Hanywi maji ya bomba. Anasema yana dawa, yananukia hospitali, na yeye hajalazwa. Anakunywa maji ya mvua, na mvua ikiisha anakwenda kisimani na ndoo yake kama msichana. Vuli iliyopita, mvua zilipokatika siku chache, aliteleza kule kisimani, akakaa palepale chini kwenye tope mpaka jirani yake alipopita akamwinua. Mimi habari nilizipata baada ya wiki nzima, tena kwa huyo jirani. Nilipompigia simu mama na kuanza kufoka, akasema hakuanguka, alikaa kupumzika. Kwenye tope!

Basi nikaapa mama lazima ahamie kwangu. Chumba chake kilikuwa tayari, nimeshakiwekea na pazia la maua. Kila nikimwambia ahame, jibu lake lilikuwa lilelile: "Huko kwenu nitakunywa nini?" Ndiyo maana nikawa nazungumza habari za gata na tenki asubuhi na jioni, mpaka mume wangu naye zikamwingia. Ila zilimwingia vibaya, zikatoka za shaba.

Akawa ananionyesha picha kwenye simu. Majumba ya Wazungu huko, gata zinang'aa kama sufuria ya bi harusi. "Hii haiozi," anasema. "Hii wajukuu wataikuta."

"Na mbona hizi nyingine za kijani?"

"Ikikaa sana inageuka kijani. Ndiyo uzuri wake."

"Uzuri? Mimi nikiwa na sufuria imegeuka kijani naitupa, wewe unataka kuitundika juu ya nyumba!"

Akaniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu asiyejua mambo. Lakini hakulala vizuri siku hizo, maana wazo la wezi lilishaanza kumsumbua mwenyewe. Huku kwetu vijana wa vyuma chakavu hupita na spika zao wakitangaza wananunua betri mbovu, masufuria mabovu, feni mbovu. Mtu akiacha bomba nje asubuhi, jioni anakuta tundu. Siku moja mume wangu akaja na ufumbuzi, uso umemng'aa. Tutazifunga gata za shaba, kisha tuzipake rangi nyeupe ili wezi wasijue.

Nilikuwa nachambua mchele. Niliweka ungo chini.

"Baba watoto, hebu nielewe. Tununue shaba, halafu tuipake rangi ifanane na plastiki?"

"Ndiyo."

"Na nani atajua kwamba ni shaba?"

"Mimi nitajua," akasema.

Jamani, nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Yeye hakucheka. Akasema maisha yake yote alikuwa mlinzi wa shaba ya watu wengine, na anataka japo kidogo iwe yake, hata ikiwa imejificha. Hapo nikamwonea huruma kweli, lakini huruma haikunifanya nikubali. Bei aliyoitaja fundi aliyemleta kupima paa nilimwomba airudie, alipoirudia nikamwomba asiirudie tena.

Ubishi wetu ulipokuwa haufiki popote, mume wangu akasema tumfanye mama awe hakimu. Si yeye atakayekunywa hayo maji? Tutatengeneza kipande kimoja cha gata, cha kuonyesha tu, tumpelekee akione, tupitishe maji humo ayaonje. Akikubali kuhama kwa sababu ya shaba, tunaweka shaba. Akikataa, tunaweka plastiki na yeye mume wangu hatafungua tena mdomo kuhusu shaba. Nikaona hapo nimeshinda, nikakubali upesi.

Kipande kilitengenezwa na fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ambaye kazi yake ya kila siku ni majiko ya mkaa. Alikuwa hajawahi kutengeneza gata ya shaba, ila hakuona haja ya kutuambia. Ilitoka nzito, imepigwa nyundo vizuri, na chini ina kitako kabisa, ukiiweka sakafuni inasimama ikingoja mkaa. Mume wangu aliipenda. Aliifuta kwa kitambaa, akaiviringisha kwenye blanketi letu la wageni, akaazima kirikuu ya rafiki yake, kile kigari kidogo cha mizigo, tukashika njia ya Kiluvya kwenda Kisarawe. Ilichomoza nyuma ya gari, tumeifungia kitambaa chekundu. Kila kwenye tuta anapunguza mwendo kama amebeba mjamzito.

Sasa hapa ndipo tulipofanya kosa, na nitashangaa mpaka nife kwamba watu wazima wawili, tuliooana kwa posa na mahari na kila kitu, hatukuliona. Kwa mama mkwe hakuna kitu cha kuonyesha tu. Mkwe akija na kitu mkononi, ameleta. Awe amebeba papai, taa au mlango, kikishavuka kizingiti kimekwenda. Hakuna mkwe aliyewahi kusema, "Mama, hiki nilikuja nacho ukitazame, naondoka nacho."

Tulifika, mume wangu akainama, "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba huku macho yako kwenye blanketi. Likafunguliwa. Jua likaipiga ile shaba, ukuta mzima ukawa mwekundu. Mama akaweka mkono mdomoni, halafu akapiga kigelegele ambacho sikujua kama bado anacho.

"Mkwe wangu kaniletea shaba!"

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akanitazama mimi. Akafungua mdomo aseme, nikaona neno "sampuli" limefika mpaka kwenye meno, likarudi.

Jirani akaja mbio, yule aliyemwinua kisimani. Na yeye akapiga kigelegele. Wakaja wengine kutoka nyumba za nyuma. Mama akawa anaipiga ile gata kwa kidole, ngo ngo ngo, anawaambia hii siyo bati, hii ni shaba yenyewe, mkwe wake aliiendea Zambia. Mume wangu akasimama anatabasamu kama mtu aliyebanwa kidole na mlango mbele ya wageni.

"Haya, mkwe," mama akasema, "jirani yangu hapa ana ngazi."

Ikawa sasa lazima aifunge. Lakini hapo nako kukawa na shida. Mume wangu juu ya paa la mama mkwe, amesimama juu ya kichwa cha mama mkwe! Haiwezekani. Mama akasema basi yeye ataingia ndani mkwe apate kupanda kwa heshima. Akaingia, lakini akafungua dirisha, maana kazi alitaka kuiona. Na kwa kuwa haifai kumpigia mkwe kelele, akawa anasema na mimi, na mimi nasema na paa.

"Mwambie baba ashushe upande wa mlangoni."

"Mama anasema ushushe upande wa mlangoni!"

"Nimesikia," sauti inatoka juu.

"Anasema amesikia."

"Mimi pia nimesikia kwamba amesikia. Mwambie asikanyage pale, bati limechoka."

"Mama anasema usikanyage..."

Kraa! Mguu ukatokea sebuleni, na kiatu chake, kandambili ya bluu. Mama kwa adabu akageuza uso ukutani asiuone mguu wa mkwe. Jirani akakaa chini kwa kicheko, akawa anapiga ardhi kwa viganja. Mimi nilijaribu kujizuia kwa heshima ya ndoa yangu, nikashindwa.

Akautoa mguu, akaziba tundu kwa kipande cha bati, akamaliza kufunga. Alishuka amelowa jasho, shati limechanika. Hakupita muda wingu la upande wa Pugu likasogea, mvua ikashuka kwa nguvu. Maji yakakimbia kwenye shaba, yakamwagika kwenye pipa la mama hapohapo mlangoni. Mama akakinga kikombe, akaonja, akafumba macho.

"Matamu."

Nilisahau hata kwamba gata yenyewe imeshatutoka. Nikasema moyoni, potelea mbali, shaba imeshinda, nitamwekea shaba nyumba nzima, na jikoni, na banda la kuku. "Basi mama," nikasema, "umekubali? Utahamia?"

"Kuhamia wapi?"

"Kwangu, Mkuza!"

Akanishangaa kweli. "Mwanangu, nihame nifuate nini? Maji si haya hapa mlangoni? Kisimani siendi tena. Mume wako amemaliza matatizo yote."

Mume wangu aliyekuwa barazani anajikausha akazidi kujifuta kichwa. Alijua nyumbani atakutana na nini. Na kweli gata za Mkuza ni za plastiki mpaka leo, na hajafungua mdomo. Watu wanaoniuliza kama gata za shaba zina faida nawajibu zina faida kubwa sana, kwa mama mkwe.

Lakini siku ile sikuwa na maneno ya mzaha. Hasira ilinipanda mpaka nikaona giza. Nikamfuata mama ndani, nikaanza. Goti lako! Na usiku ukiugua? Na bati lenyewe hili linatoboka kwa mguu wa mtu mmoja? Na choo cha nje na utelezi huu? Yeye amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha, ananijibu moja baada ya jingine bila kuinua kichwa.

"Goti ni langu, nalijua. Nikiugua jirani anasikia, ukuta wetu mmoja. Bati litabadilishwa. Chooni nakwenda na fimbo. Una sababu nyingine?"

"Ninayo!" nikapiga kelele. "Sababu ni mimi!"

Mkono wake ukasimama kwenye mchicha.

Sijui maneno yale yalitoka wapi, ila yalipoanza sikuweza kuyarudisha. Nikamwambia watoto wameondoka wote, vyumba vimebaki vitupu, napita navifagia na hakuna aliyevichafua. Nikamwambia mume wangu ni mtu mwema lakini ukimpa nafasi anazungumza Tunduma mpaka chakula kinapoa. Nikamwambia natoka dukani jioni, siku nzima nimecheka na wateja, nikifika nyumbani sina wa kumwambia siku yangu ilikwendaje. Kile chumba nilichokiwekea pazia la maua, jioni naingia nakaa humo mwenyewe kitandani.

"Namtaka mama yangu," nikasema, na umri wangu huu, machozi na kamasi vyote kwa pamoja.

Mama akaweka ungo wa mchicha pembeni. Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama nikiwa na homa.

"Tangu vuli unanihubiria habari za gata," akasema polepole. "Mara tenki, mara goti langu. Nikasema huyu ananiona mzee, anataka kuja kuniweka ndani anitunze kama yai. Nikakataa. Kumbe mgonjwa ni wewe."

"Ndiyo mama."

"Sasa si ungesema? Mtu mzima unamtobolea mwenzako hata paa, kumbe unataka kusema neno moja tu."

Akajishika goti, akainuka, akaingia chumbani. Akanyoosha mkono chini ya kitanda, akalivuta sanduku lake la bati, akaanza kutoa kanga na kuzipanga juu ya kitanda. Alisema kuku wake nao watakwenda, na nisianze kubisha. Nilibaki nimesimama mlangoni nalia kwa sauti.

Akanirushia kanga moja kichwani, akaniambia nijifute kamasi upesi, mkwe asije akadhani tumegombana.