Chanzo cha Wenje Hakifunguki

Nilipokuwa Garsen, kila basi la Malindi lililopiga honi lilinitoa kitini. Nilikuwa nimemaliza chuo nikarudi kwetu kufanya kazi katika mradi mdogo uliokusanya habari zote kuhusu mto Tana na mashamba yake, na kukaa sikutaka hata kidogo. Makao makuu Nairobi walihitaji mtu wa kutunza orodha ya marejeo. Mkubwa wetu, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi, aliniambia waziwazi kwamba orodha ya Garsen ikifika safi, kila chanzo kikipatikana, nafasi hiyo ni yangu. Kitanda changu nilikuwa nimeshakiuza, nikawa nalala kwenye mkeka.

Kompyuta ya ofisi ilikuwa moja, na jenereta yake ilipiga kelele kuliko mashine ya kusaga mahindi. Lakini programu ya marejeo ilikuwa na kitu nilichokipenda mno: kiongezi kidogo kilichokaa ndani ya brauza, ile programu ya kufungulia mtandao. Ukifungua ukurasa wa maktaba yoyote huko duniani, unabonyeza kitufe, na mwandishi, mwaka na kichwa cha kitabu vinajipanga vyenyewe kwenye orodha. Laini ya simu iliyotuletea mtandao ilikatika ovyo, na mlinzi wetu alishikilia kwamba ni ng'ombe wa mnadani wanaojikuna kwenye nguzo. Hata hivyo, laini ikiwepo, kitufe kilifanya kazi.

Kisha Nairobi wakatuletea kompyuta mpya na kuichukua ile ya zamani. Mpya ilikuja na brauza nyingine, na kitufe changu hakikuwepo. Nilikitafuta juu, chini, kando. Niliiweka programu upya, nikazima, nikawasha, nikasimama, nikazunguka meza, nikazima tena. Nilipompigia fundi wa Nairobi, alinijibu kama mtu anayetaja bei ya sukari.

"Hiyo brauza haielewani na hiyo programu. Wewe andika tu kwa mkono."

"Yote?"

"Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Laiti angejua. Nikaandika kwa mkono, kwa hasira, huku mlinzi akinikumbusha kila akipita dirishani kuwa haraka haraka haina baraka. Nilitamani kumrushia kiatu. Na kwa kuwa sasa kila kitu kilipitia vidoleni mwangu, si kwenye kitufe, nikaona naweza kumwingiza pia nyanya yangu.

Nyanya aliishi Wenje, akilima mpunga na ndizi kando ya mto. Alikuwa amenisimulia jinsi mfereji uliochimbwa zamani na watu wa mradi mwingine ulivyoyanyima maji mashamba yao ya mpunga, na jinsi wanawake walivyokwenda kulalamika, wakapewa soda na kurudishwa nyumbani. Hakuna kitabu kilichosema hivyo. Programu nayo ikataka kujua: huyu ni kitabu, ni jarida, au ni ukurasa wa mtandao? Pengine mahali pa mahojiano palikuwepo, ila mimi sikupaona, na mafuta ya jenereta yalikuwa yanakwisha. Kitabu kilidai mchapishaji. Jarida lilidai toleo. Ukurasa wa mtandao ulidai anwani tu. Nikaandika: Wenje.

Disketi yenye orodha ikaenda Nairobi na basi, mimi nikabaki kuitazama simu. Ilipolia, ni mkubwa mwenyewe.

"Hiki chanzo cha Wenje hakifunguki. Nimejaribu kwa brauza zote mbili."

"Ni nyanya yangu, madam."

Laini ikakwaruza, nikadhani ng'ombe wameshafika kwenye nguzo.

"Anafunguka saa ngapi?" akauliza.

Alikuja na kinasa sauti cha kaseti. Tulipofika Wenje, kuku alikuwa ameshachinjwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilipokuwa nikimwamkia nyanya, nikamnong'oneza kwa Kipokomo kwamba huyu ndiye mwenye ile kazi ya Nairobi. Ilikuwa furaha tu, sikumwagiza kitu.

"Nyanya," mkubwa akasema, amebonyeza kinasa sauti, "tuambie habari ya ule mfereji."

Nyanya akaweka leso yake sawa begani.

"Mfereji ilikuwa mzuri sana, mama. Maji ilikuja mpaka karibu na mlango. Watu wa mradi ni watu wazuri, hata soda walitupa. Na huyu mjukuu wangu ni mtu wa kazi. Hata kulala halali."

"Nyanya, na yale mashamba yaliyokauka?"

"Mashamba gani?" Akanikata jicho. "Sisi tulivuna mpaka tukachoka."

Mkubwa akakizima kinasa sauti taratibu. Hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Alikunywa chai, kuku hakumgusa, akaomba radhi kwamba safari ya Hola inamngoja. Nilimsindikiza hadi kwenye gari nikijaribu kueleza, maneno yakigongana.

"Sisemi umedanganya," akasema. "Lakini nahitaji mtu ambaye akiandika chanzo, mwingine akikifuata anakuta kile kile. Mfute. Na ile nafasi, wacha nitafute mtu mwingine."

Gari likaondoka. Nilisimama pale nikiwa na hamu ya kulikimbilia, kulia, kupiga teke kitu chochote kilichokuwa karibu. Nikarudi ndani nikiwa nimeyapanga maneno yangu yote ya ukali.

Nyanya alikuwa amekaa palepale, uso ukimng'aa kama bibi harusi.

"Nimekusemea vizuri?" akauliza.

Nikaketi kando yake.

"Vizuri sana, nyanya."

Akacheka, akavuta sahani ya mgeni, akaanza kunichagulia minofu.

"Kula ushibe," akasema. "Huko Nairobi ni nani atakuchinjia kuku?"