Gavana Nje ya Gereza

Mjomba wangu alianza kazi akiwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, akawa diwani, kisha akawa gavana wa kaunti yetu huko Kenya kwa vipindi viwili. Sheria ilipomzuia kugombea tena, alikuja Birmingham, Uingereza, kupumzika kwa mama, dada yake mkubwa, nyumbani kwetu mtaa wa Lozells.

Nilimpokea stesheni ya mabasi, Digbeth. Nikapakia mizigo kwenye gari langu dogo, nikashika usukani, nikangoja. Yeye alikuwa amesimama kando ya mlango wa nyuma, mikono ameifumbata mgongoni, akitazama mbali kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anangoja kufunguliwa. Nilielewa, na sikushuka. Nikawasha injini. Akafungua mwenyewe, taratibu.

Mama hakumhurumia. Siku ya pili alimkabidhi sinki zima la vyombo.

"Dada, mimi..."

"Wewe nini? Humu ndani mheshimiwa ni mashine ya kufulia. Angalau hiyo inafanya kazi."

Wiki iliyofuata akatangaza kwamba anakwenda mjini peke yake. Akavaa suti, akabandika beji ya bendera kifuani, akapanda basi la kwanza lililosimama. Baada ya saa moja simu ya mama ikalia. Akaiweka kwenye spika.

"Dada, niko gerezani."

Mama akaacha kukata kitunguu. "Ndani au nje?"

"Nje. Lakini pana watu, na wananiheshimu sana."

Basi lilikuwa limempeleka Winson Green, mtaa wenye gereza kubwa. Nikaenda kumchukua, nikicheka peke yangu njia nzima. Nilimkuta kwenye kituo cha basi, karibu na ukuta mrefu wa gereza, amezungukwa na wanawake wanne, anaandika nyuma ya bahasha. Mmoja wao alikuwa mama mzee Mkongomani aliyekuja kumwona mwanawe. Alimsikia mjomba akiongea Kiswahili kwenye simu, akamsalimia, na mjomba akajitambulisha alivyozoea: mimi ni gavana. Sasa, Uingereza mkuu wa gereza huitwa gavana. Mama yule akawaita wenzake mbio.

"Papa Gavana," alikuwa akimwambia, "magoti inaniuma. Hapa kwa kituo ya bisi hakuna kiti hata moja. Utusaidie."

Nikamvuta pembeni. "Mjomba, hawa wanadhani wewe ndiye mkuu wa gereza."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu yule wa pili aliponiuliza saa za kutembelea."

"Na hukuwaambia?"

Akatazama viatu vyake. "Ningewaambia. Lakini tangu nitoke ofisini, hakuna mtu aliyeniomba kitu."

Hapo kicheko kikaniisha. Nikamwambia lazima aseme ukweli. Akarudi, akausema kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa hotuba ya dakika ishirini. Wanawake wakacheka hadi basi likawapita. Mama mzee akajifuta machozi.

"Basi andika tu," akasema, "gavana ya bure."

Akaandika. Kesho yake asubuhi aliketi mezani jikoni, kwa mwandiko wake wa ubaoni, akaiandikia ofisi inayosimamia vituo vya basi kuomba benchi.

Jibu lilipofika, yeye alikuwa amesharudi Kenya. Nikamsomea kwenye simu: ombi lenu limepokelewa na linashughulikiwa. Akacheka hadi akakohoa.

"Barua hiyo naijua. Nimeitia saini miaka kumi."

"Sasa tufanyeje?"

"Andika tena kila Jumatatu. Walioniandikia kila Jumatatu ndio niliowajengea."

Nikaandika, nikampelekea mama mzee pale kituoni, akabandika stempu. Baada ya barua ya sita benchi likawekwa, la chuma, baridi kama barafu, la watu watatu. Mama mzee alinitumia picha amelikalia katikati, mkoba huku, mwavuli huku, na ujumbe wa sauti: hatainuka mpaka gavana aje kulizindua.