Bomba la Maji na Bi. Zuwena wa Mtendeni

Jamani, leo nimeaibika, na nimefurahi kuaibika!

Nampeleka mkunga Kwihara kwa mama aliyeshikwa na uchungu, bomba la maji la gari likapasuka hapa Mtendeni. Gari lenyewe aliniuzia Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa zamani, alipohama, na huko Ulaya wameshaacha kuunda aina yake.

Nikalichomoa, nikakimbilia nalo duka la vipuri. Nikamkuta Bi. Zuwena peke yake.

"Shikamoo, mama. Fundi yupo?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

Nikatamani ardhi inimeze.

Akalipima bomba bovu kwa vidole, akatoa la lori.

"Hilo haliingii, mama."

Akapanua tundu la upande mmoja kwa tupa, akaja kulifunga garini mwenyewe. Halikuvuja hata tone!

Tumewahi Kwihara. Nimekaa kwenye usukani, nikasikia mtoto mchanga analia ndani ya nyumba, nami machozi yakanitoka.

Ingekuwa nyinyi, mngejizuia?