Siku Niliyoalikwa Kuona Mawaridi Ndhiwa

Nilistaafu uuguzi nikiwa na magoti mabovu na akili timamu. Magoti bado ni mabovu. Kuhusu akili, hukumu mwenyewe ukishasikia nilivyokwenda Ndhiwa kutazama mawaridi.

Mwenye mawaridi nilikutana naye kwenye mkutano wa kanisa hapa Migori. Alikuwa mzee nadhifu, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye kola, amefiwa na mke kama mimi nilivyofiwa na mume. Wakati wa chakula cha mchana tuliketi meza moja. Aliniuliza nilifanya kazi gani, nikamwambia. Akaniuliza wodi gani, nikamwambia ya upasuaji, na kwa kuwa hakuna anayeniuliza mambo hayo siku hizi, nikaendelea kueleza mpaka kuku wangu akapoa. Alinisikiliza bila kupepesa macho. Sasa nikikumbuka, hakuuliza jambo lolote ambalo halikuhusu kazi. Wakati ule nilidhani ni sauti yangu iliyomteka.

Tangu hapo akawa ananitumia picha kwenye simu kila asubuhi: waridi jekundu, waridi la njano, waridi jeupe lenye umande. Chini yake ameandika, "Uwe na siku yenye baraka, Sista." Hapa kwetu kila muuguzi ni Sista. Nimeitwa Sista na polisi, na makanga wa matatu, na wagonjwa niliokuwa nawachoma sindano huku wakinitukana. Lakini nililisoma neno hilo kana kwamba halijawahi kuandikiwa mtu mwingine.

"Mwanaume anakutumia maua kila siku, na wewe unajibu 'Amina' tu?" mdogo wangu akaniuliza. Tunaishi pamoja Suna, hapa hapa Migori, na simu yangu anaijua kuliko mimi.

"Nijibu nini sasa?"

"Jibu kama mtu aliye hai."

Basi nikaanza kujibu "Amina" na kuongeza ua dogo mbele yake. Niliona nimejiachilia kupita kiasi.

Ilikuwa Januari, jua linawaka tangu saa mbili asubuhi, alipopiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sista, nakualika uje uone bustani yangu Jumamosi. Na kuna jambo siwezi kulisema kwa simu."

"Jambo gani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshajipa jibu.

"Tutaongea ukifika. Na ningependa umuone Mama."

Nilipomweleza mdogo wangu, alipiga makofi. Mwanaume akitaka umuone mama yake, alisema, hakuna haja ya kuuliza tena. Sikumbishia. Sote wawili, watu wazima wenye wajukuu, hatukukumbuka kwamba kwa miaka yote ya kazi yangu, watu walioniomba niwaone mama zao walikuwa na maana moja tu.

Nilitumia wiki nzima kujitayarisha. Nilishonesha gauni la rangi ya waridi, nikitaka lifanane na maua. Nilinunua wigi la nywele za mawimbi lililonifikia mabegani, na mdogo wangu akasema limeniondolea miaka kumi. Nilijipulizia manukato ambayo binti yangu alinitumia kutoka Nairobi, nikajipulizia tena, halafu nikaona nisipoongeza kidogo yataisha njiani. Jioni nilisoma kwenye simu habari za mawaridi ili nisionekane mshamba. Nilijifunza kwamba kuna aina inayoitwa ya chai. Hiyo ndiyo niliyoikariri.

Boma lake liko nje kidogo ya mji wa Ndhiwa, nyuma ya ua mrefu wa minyaa, tunayoiita ojuok. Ukiingia langoni huamini macho. Huko nje nyasi zimekauka, miwa imepauka, ng'ombe wanatafuta kivuli; humu ndani safu kwa safu za mawaridi, kila shina limezungushiwa makapi ya miwa ili udongo usikauke. Ukweli ni kwamba nilisahau gauni langu kwa muda. Yalikuwa mazuri. Mengine meupe yenye ncha nyekundu kama vidole vilivyochovywa kwenye rangi.

"La kwanza alilipanda marehemu mke wangu," alisema, akionyesha shina nene karibu na tangi la maji. "Alipoondoka sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikaendelea kupanda."

Nilimpa pole. Baada ya muda nikaona huu ndio wakati wa kuonyesha elimu yangu. Nikagusa waridi la njano, nikainamisha kichwa, nikauliza, "Na hili, ni la chai?"

"Chai itakuja, Sista, usijali," akasema kwa huruma. "Maji yako jikoni yanachemka."

Sikuthubutu kumrekebisha. Tulitembea polepole, yeye akinieleza jinsi anavyokata matawi, mimi nikisema "Aa" na "Kumbe" huku visigino vya viatu vyangu vikizama kwenye udongo aliokuwa ameumwagilia. Kila aliposimama nilisimama. Kila alipokohoa nilijiweka sawa.

Mbele ya mlango wa nyumba alikuwa ametengeneza upinde wa chuma, na mawaridi mekundu yameupanda hadi juu. Niliona ni mahali pazuri pa mwanamke kuonekana. Nikapita chini yake taratibu, kidevu juu, nikitabasamu pembeni. Nilihisi upepo kichwani. Nilipogeuka, wigi langu lilikuwa limebaki nyuma, linaning'inia kwenye miiba, linapepea.

Chini ya wigi nilikuwa nimevaa soksi ya nailoni niliyoikata na kuifunga fundo juu. Acha nisieleze zaidi.

Ndipo kikatoka kicheko dirishani. Kilikuwa kicheko cha mtu mzee, kikavu, kirefu, kinachokatika na kuanza upya. Yule mwanaume alikuwa amesimama juu ya kigoda, anachomoa nywele kwenye miiba moja moja kama anayevuna. Mikono yake ikasimama.

"Huyo ni Mama," alinong'ona. "Sista, hajacheka tangu mwezi wa kumi na moja."

Alinirudishia wigi kwa mikono miwili, akageuka pembeni nilivae. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Chai ikaletwa sebuleni pamoja na viazi vitamu na karanga. Alikiweka kikombe chini, akasafisha koo.

"Sista, kwa muda mrefu nimetafuta namna ya kukuomba jambo hili. Nimeliombea. Wewe ni mtu wa pekee, na sijui kama nitapata mwingine."

Jibu langu nilikuwa nimeliandaa tangu Jumatano, likawa linanisukuma mdomoni. "Nitahitaji muda kidogo wa kufikiria," nikasema, macho chini. "Na watoto pia lazima niwaambie."

Akanitazama kwa mshangao. "Hata kukiangalia tu?"

"Kuangalia nini?"

"Kidonda cha Mama."

Nimewahi kusimama chumba cha upasuaji taa zikizimika, na sikubabaika. Siku ile nilimwaga chai kwenye sahani. Akaeleza haraka, akidhani nimeudhika: mama yake alichomwa na mwiba wa waridi mguuni, kidonda hakifungi, hataki hospitali, hata mwanawe hamruhusu kukiona. Aliposikia kwenye ule mkutano kwamba nilishughulikia vidonda maisha yangu yote, alijua Mungu amejibu. Aliogopa kuniambia kwa simu nisije nikakataa, kwa kuwa nimestaafu.

"Mbona ningekataa?" nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. "Niletee maji yaliyochemka, na mtu aende duka la dawa."

Mama yake, bibi mkongwe, alikuwa ameketi kitandani, mguu umefungwa leso. Tuliongea Dholuo, kwa kuwa Kiswahili, alisema, ni cha kuongea na serikali.

"Wewe ndiye mwenye nywele?"

"Ndimi, Mama."

"Umekuja kuolewa na mwanangu?"

"Hapana, Mama. Nimekuja kuona mguu."

Alivuta pumzi kwa pua, polepole, kama mtu anayenusa mboga kama imechacha. "Na manukato yote haya ni ya mguu?"

Sikuwa na pa kujificha. Kicheko kikanishika, naye kikamshika, na tulicheka mpaka nikalazimika kuketi kando yake kitandani. Alipomaliza kufuta machozi alinyoosha mguu, akauweka mapajani mwangu, juu ya gauni jipya. "Haya, Nyar Suna," akasema, yaani binti wa Suna. "Angalia."

Kilikuwa kibaya lakini si cha kukatisha tamaa. Nilipiga magoti, magoti yakalalamika, nikaosha, nikatoa usaha, nikafunga bandeji. Aliuma meno bila kulia. Badala yake aliyatukana mawaridi. Pale ambapo mwanawe ameyapanda, alisema, palikuwa na shamba lake la viazi na la maharagwe. "Sasa tunakula nini? Tunakula harufu?" Nikamuuliza kama anapata kiu sana. Ndiyo. Kama anaamka usiku kwenda haja ndogo. Mara nyingi. Nikamwambia wazi kwamba nahisi ni sukari, na kidonda hakitapona mpaka apimwe damu.

"Siendi."

"Basi mguu utakwenda peke yake, Mama, na utabaki hukohuko."

Alinikazia macho. "Ukinipeleka wewe, nitakwenda. Lakini uje na kichwa chako mwenyewe."

Jioni, mwanawe alinikatia mawaridi mengi, akayafunga kwenye gazeti. Pale nilipobadilishia gari, wanawake wanaouza ndizi walinipigia vigelegele. "Mama, leo umependwa!" mmoja akasema. Ningeweza kueleza. Nilisema "Asanteni," nikayanyanyua kidogo ili na wale wa upande wa pili wa barabara wayaone.

"Amesema nini?" mdogo wangu aliniuliza kabla sijavua viatu.

"Amesema asante."

Aliliangalia gauni langu, lililokuwa na madoa ya dawa na usaha, akaenda kuweka maji ya kuoga bila kuuliza zaidi. Nilinuna siku mbili. Sitadanganya. Niliona aibu, halafu hasira, halafu nikajikuta nawaza kama wamebadilisha ile bandeji.

Wiki iliyofuata tulikutana hospitali ya Homa Bay, mimi nimefunga kitambaa kichwani. Ilikuwa sukari kweli. Akapewa dawa, na kidonda kikaanza kufunga polepole, kwa kuwa alikuwa mbishi na mimi nilikuwa mbishi zaidi. Na yule mwanaume? Amebaki kuwa rafiki. Mwezi uliopita alinieleza kwa haya kwamba kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Isebania, ambaye yeye anafikiria kumposa, akataka kujua kama naona ni jambo jema. Nilimwambia ni jema. Nilimshauri pia, safari hii, aseme waziwazi anachotaka.

Siku ile hospitalini, msichana wa mapokezi alimtazama bibi, akanitazama mimi, akamuuliza bibi, "Huyu ni nani wako?"

Mwanawe alifungua mdomo ajibu, lakini mama akamtangulia, tena kwa Kiswahili.

"Ni mtu yangu," akasema. "Andika hivyo."

Msichana alisema hakuna nafasi ya kuandika hivyo, akaandika jirani. Tulikwenda kuketi kwenye foleni. Bibi alilala begani mwangu mpaka tulipoitwa, anakoroma, na bega langu likafa ganzi kabisa, lakini sikulisogeza.